Dole Gumba

Tulipoufungua mtungi mwezi wa Machi
harufu ilitutangulia kutoka ardhini:
siki.
Lita mia nane za siki,
na majirani wamesimama, bilauri mikononi,
na kiongozi wa karamu ameshasafisha koo.

Sikukawia. Majina nilikuwa nayo tayari.
Wa kwanza Otia, mfinyanzi wa ng'ambo ya mto:
mtungi wake una ufa, nilisema,
aliuchoma kwa kuni mbichi, alikuwa na haraka na pesa yangu.
Nikavuka daraja, nikamwambia hivyo hivyo mlangoni pake
mbele ya wateja wawili kutoka Tbilisi.
Hakujibu. Alifuta mikono kwenye aproni.
Wateja wakaondoka bila kununua.

Wa pili Vazha, shemeji yangu,
aliyekanyaga zabibu huku ana homa.
Kisha mvua ya Septemba.
Kisha marehemu baba, aliyelichimba shimo upande wa jua
miaka arobaini iliyopita, na sasa hawezi kujitetea.
Kidole changu cha shahada kikalizunguka bonde zima la Alazani
kama mshale wa saa mbovu:
kila kilipotua pana mkosaji.

Na ni raha, nani atasema si raha?
Ukilaumu unalala. Unakula unashiba.
Mzia, mke wangu, hakusema neno,
ila siku hizo aliosha vyombo kwa kelele.

Baada ya Pasaka, tuko mezani,
Nestan wetu, miaka saba,
akaleta kigae cha udongo mkavu
alichokiokota siku ile tulipobomoa kifuniko.
Alikuwa amekificha chini ya kitanda.
"Kina kishimo cha kidole," alisema.
"Namtafuta mwenyewe."

Akaanza na mama yake. Kikapwaya.
Cha Vazha kinene, kikakwama mlangoni.
Bibi akacheka, akatoa chake kilichopinda,
hakikuingia hata nusu.
Akaja kwangu.

Ningeweza kukataa. Niliwaza kukataa.
Mkasi wa kupogolea ulinikata zamani,
umeniachia mstari wa mshazari
katikati ya dole gumba la kulia,
na humo ndani ya udongo
mlikuwa na mstari wa mshazari.
Dole likaingia kama ufunguo.

Ile jioni ya Oktoba ikarudi yote:
harusi ya binamu, gari linapiga honi barabarani,
udongo haujalainika,
nami nabandika, nabandika,
palipobaki pengo nikabonyeza mara moja
nikasema patajiziba.
Hapakujiziba.
Majira yote ya baridi hewa iliingia
kupitia kwangu.

"Ni chako, baba!" Nestan akashangilia,
kama aliyenirudishia kitu nilichopoteza.
Vazha akalitazama sahani lake.
Kidole kinachoitwa cha shahada
kilikuwa kimesema uongo wiki saba;
aliyetoa ushahidi ni huyu mfupi, mnene,
asiyejua kumwelekea mtu.

Asubuhi nikashika njia, kigae mfukoni,
natunga maneno ya kusema,
na kila sentensi ikazaa "lakini":
lakini honi, lakini binamu,
lakini giza lilikuwa limeshaingia.
Nikasimama katikati ya daraja muda mrefu.
Watu walidhani natazama samaki.

Otia alikuwa akikanda udongo.
"Mtungi wako ni mzima," nilimwambia.
"Ni mimi."
Akakipokea kigae, akakigeuza,
akapitisha ukucha kwenye kovu langu,
akanirudishia.
"Wale wateja wa Tbilisi," alisema,
"unajua wanakoishi?"
Sikujua.
"Tafuta," alisema,
akaurudia udongo wake.